Nani Alimdanganya Kocha?

"Rudisha nafasi ya mtoto wangu!" Marcelline aliupiga mlango wa Cathy kwa mwiko. Mlango ulipofunguka, mboga ya sombe iliyobaki kwenye mwiko ikaruka, ikatua juu ya kitenge kipya cha Cathy.

"Mama Anaïs, uko na wazimu? Nafasi ni kiatu, nikutolee chini ya kitanda?"

Ghorofa nzima ilishatoka nje. Ruphin, fundi simu wa pale chini, alipanda na bisibisi mkononi, akaegemea ukuta kama mtu aliyelipa kiingilio. Ndani kwa Cathy muziki uliteremshwa. Kulinukia samaki, na ilionekana wazi kuna mgeni.

Na mgeni ndiye aliyemtia Marcelline moto. Chuo kimoja cha Amerika kilitaka mshambuliaji mmoja, mmoja tu, achezee timu yao na asomeshwe bure. Kilikuwa kimetazama video za wasichana wawili wa mtaa huu wa Berea: Anaïs wake yeye, na Sikujua wa Cathy. Anaïs ndiye aliyependwa zaidi. Ilibaki kocha afike nyumbani, aongee na wazazi, mambo yaishe.

Halafu wiki hiyo hiyo Anaïs akaporwa simu kwenye robot, pale taa za barabarani, akitoka kazini kupanga maboksi kule Clairwood. Leo ameazima simu ya Ruphin, akakuta ujumbe wa chuo: kocha alifika kwenu, akaambiwa mmehama. Nafasi amepewa mwingine. Pole sana.

Na mwingine huyo sasa anamkaribisha kocha kwa samaki.

"Ni weye tu ulijua kocha anakuja!" Marcelline alisema. "Nilikuambia mimi mwenyewe, jikoni kwako, fufu yako bado mdomoni!"

"Naapa mbele ya Mungu, kocha nimemwona leo kwa mara ya kwanza."

"Mungu yupi, Cathy? Yule aliyetuona tukilala chini ya lori moja mpakani? Maziwa yako yalipokauka, huyo Sikujua alinyonya kwa nani?"

Watu wakaguna. Hilo hawakulijua.

"Alain wako alipojificha kwangu kwa kukosa kibali cha kukaa, nani alishinda getini akisuka nywele na kuchunga barabara? Kila mtu wa uhamiaji mwenye faili, anayetaja watu wetu kwa majina, mimi namgeuza arudi alikotoka. Hata juzi, na mvua ile, nimemgeuza mmoja! Mwanamke, mwavuli wa njano, Kiswahili kitamu kama cha Bukavu. Siku hizi wanatutumia watu wa lugha yetu, eti tulegee. Nililegea? Nalinda watoto wa kila mtu, halafu wangu ndiye anauzwa!"

"Hapo mama hadanganyi," Ruphin alisema. "Getini kwake hata Petro ataombwa kibali."

Watu wakacheka. Cathy hakucheka. Aligeuza shingo akatazama nyuma ya mlango wake, kisha akatoka nje kidogo, akauvuta ule mlango mgongoni kwake.

"Mama Anaïs," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka kabisa. "Rudi nyumbani. Nakuomba. Tutaongea kesho, sisi wawili."

"Aha! Sasa unaniomba! Mmemsikia? Sasa anaogopa!"

Anaïs alikuwa amepanda ngazi, bado na viatu vya kazini, macho yamevimba. Akamshika mama yake mkono.

"Maman, twende. Imekwisha."

"Haijaisha! Huyo Mzungu wenu, na kofia yake, na filimbi yake, leo ataniambia ni nani alimdanganya." Hivyo ndivyo alivyomwazia kocha tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyewahi kumwambia vingine.

"Marcelline, usiingie," Cathy alisema. "Nakuonea huruma, usiingie."

Miaka yote ile, Cathy hakuwahi kumwita kwa jina lake. Marcelline alimsukuma kando kwa bega, akaingia, akimvuta Anaïs nyuma yake ili binti asikie kwa masikio yake mwenyewe.

Nyuma ya mlango, mwavuli wa njano ulikuwa unachuruzika maji sakafuni.

Mezani, mwanamke aliyekuwa ananawa mikono akainua uso, na uso ukachanua.

"Eh! Si ndiye yule mama mwema wa getini, aliyeniambia Anaïs na wazazi wake wamehamia Joburg?"

Mkono wa Anaïs uliteleza taratibu, ukatoka ndani ya mkono wa mama yake.

"Karibu, mama, karibu," kocha alisema, akimvutia kiti. "Keti hapa kando yangu, tukule."