Viatu vya Marehemu Msabaha

Haya nilipewa na Adila, muuza vitumbua wa Dunda, mfungo sita uliopita, tulipokuwa tukichambua mchele wa maulidi. Kibanda chake kimegusana na cha fundi viatu Bwanausi, basi yeye alianzia pale fundi alipojichoma sindano.

Alijichoma kwa sababu viatu alivyowekewa mbele yake alivijua. Vyeusi, vya kamba, ngozi nene, mkwaruzo wa panga puani. Vya Msabaha wa Kaole. Na Msabaha walishamzika. Bwanausi alilibeba jeneza, akatia na udongo kwa mikono yake.

Aliyevileta ni Hajra, mjane wake, katoka edani juzijuzi.

"Vimekauka, fundi. Vifufue. Na visigino uvitie chuma, vilie."

"Vilie, avisikie nani?"

"Wa kusikia atasikia."

Bwanausi akavipokea. Yeye naye alikuwa na lake moyoni juu ya Hajra. Alifiwa na mke zamani, na alitaka kuposa, ila aibu ilimzidi. Anakaa kulekule Kaole, na kila akitoka kuswali isha hupita nyuma ya ua wa Hajra, akakohoa kidogo, akingoja aulizwe "nani?" ili apate pa kuanzia. Haulizwi. Anarudi kwake kulala.

Basi viatu alivitengeneza kwa mapenzi. Akavifuta, akavipaka mafuta ya nazi mpaka ngozi ikalegea, akashona palipofumuka, akagonga chuma, akapiga kiwi. Alijua vinakwenda kutolewa sadaka, kama vitu vya maiti vyote.

Wiki haikupita, vikarudi. Vina matope mabichi, na chuma kimeanza kulika.

"Bi Hajra, hukuvitoa sadaka?"

"Sijavitoa."

"Sasa nani anavivaa?"

"Mwenyewe."

Fundi akakitua kiatu. "Mwenyewe?"

"Mwenyewe, fundi. Giza likiingia. Kuzunguka nyumba, basi, kisha ndani."

"Nawe huogopi?"

"Nilikuwa naogopa mno. Tangu viatu hivi vianze kutembea, nalala." Akajitanda kanga yake, akasema atavipitia alasiri.

Adila akachungulia. "Fundi, mbona umepauka kama unga wa muhogo?"

"Niache, Adila."

Alivishika kwa ncha za vidole. Ndani kabisa ya kiatu cha kulia akakuta tambara limesokomezwa. Hakuligusa, akalitoa kwa koleo, akalichoma moto. Kila tundu la sindano akalisomea Bismillahi.

"Unashona au unasoma hitima?" Adila akamcheka.

Fundi akaendelea kushona. Alipofika kwenye kung'arisha, mkono ukagoma. Siku zote hupiga brashi mpaka auone uso wake kwenye ngozi. Safari hii aliogopa asije akauona uso wa mtu mwingine.

Hajra akaja, akavichukua, akashukuru.

Jioni ileile Bwanausi alijikaza. Alijiambia, labda ni huzuni tu imemchanganya mwanamke wa watu. Mtu aliyefukiwa harudi kuvaa viatu. Akaswali isha, akaenda nyuma ya ua, akasimama karibu kuliko siku zote, akakohoa. Safari hii kwa nguvu.

Ndani ya ua, chuma kikamjibu.

Ko. Ko. Ko.

Taratibu, mwendo wa mtu mzito. Kikazunguka kona ya jiko. Kikawa kinakuja upande wake. Bwanausi akaanza Ayatul Kursi, ikamponyoka katikati, akaanza tena, ikamponyoka palepale. Halafu ukasikika mguno mnene, "Mmmh!", kama wa Msabaha alipokuwa hai na mtu kamkasirisha.

Alikimbia akikata katikati ya mihogo, msuli kaukamata mkononi. Kufika kwake akatia komeo, akasogeza na kinu mlangoni. Akapanda kitandani na kofia yake kichwani.

"Posa nimeiacha, ewe Mola," akasema, meno yakigongana. "Sitapita tena kule. Mwanamke yule ana mwenyewe."

Akajifunika gubigubi, akatetemeka hivyo hivyo, hata usingizi ukamchukua.

Kule kwa Hajra mlango ulikuwa umeshafungwa. Hajra alikaa ukingoni mwa kitanda cha mama yake, anahema, anafungua kamba za viatu vya mumewe.

"Leo limekimbia, mama. Lile jizi linalokuja kukohoa nyuma ya ua. Nimelisikia, nikatoka tena, nikaguna kama marehemu, limetoka mbio!"

"Utakuja kujikwaa uvunjike, na vimiguu vyako hivyo," mama yake akasema gizani. "Tafuta mume, mwanangu, tupumzike."

"Yupo fundi Bwanausi, mama. Angesema neno moja tu, ningeitika. Lakini yule hata karibu na nyumba hii hajawahi kupita."

Mama alishalala. Hajra akaviweka viatu mlangoni, akapanda kitandani, naye akalala.