Kimya cha Kileleni

Juu ya ziwa la milimani palikuwa na kilele, na Pongo alikipanda kila siku kutafuta kimya. Lakini kila ukungu ulipopanda, Pimbi alikaa ukingoni mwa genge lililoporomoka hadi ziwani, akilia mfululizo, ili wapandaji wajue pa kutokanyaga.

"We kidomodomo, hunyamazi?" Pongo akafoka. "Nimepanda mlima mzima nije kukusikiliza wewe?"

"Nailinda miguu yako, bwana mkubwa."

"Miguu yangu ina macho. Toka!" Akamfukuza kwa pembe.

Siku ya pili ukungu ukafunika kila kitu. Pongo hakuona hata kwato zake.

"Pimbi! Ndugu yangu, lia kidogo tu!"

Kilele kikanyamaza, kama alivyotaka. Akapiga hatua moja. Chini, ziwa likalia mara moja, kisha likatulia.