Abiria Mwenye Koti Jeupe

"Bwana Haddow, filamu imezidi dakika nne," mhariri alisema. "Tukitoa kipande hiki cha stesheni, hakuna atakayejua."

Haddow, aliyeiandika na kuigharimia filamu ile, aliinamia kioo kidogo cha mashine ya kuhariria. Abiria walikuwa wakishuka kwenye treni, na kati yao alipita mwanamke mwenye koti jeupe.

Siku ya kupiga picha ile waigizaji walipungua, akamwomba mkewe ajaze nafasi. Mkewe alinung'unika kwamba viatu vinambana, lakini akakubali. Majira ya baridi yaliyofuata yakamwondoa duniani.

"Rudisha," Haddow alisema. Kisha, "Tena."

Mara ya tano mhariri aliguna. "Huyo mama ndiye anayetuharibia, bwana. Anaangalia kamera."

"Haangalii kamera. Anamwangalia mtu aliyesimama nyuma ya kamera."

Mhariri alimtazama Haddow, kisha akaisimamisha mashine.

"Toa yote," Haddow alisema. Akachukua mkasi, akakata mwenyewe pale alipokuwamo mkewe, akautia utepe huo wa filamu mfukoni.

Nje, kwenye kituo cha basi, aliuinua kwenye mwanga wa mawingu ya London. Wanawake wadogo wenye koti jeupe, mmoja chini ya mwenzake, wote wameinua mguu uleule.