Choo cha Mtaa wa Pili

Siku hizi zahanati haimuulizi mtu anaumwa nini. Vipimo vya mabomba ya majitaka ndivyo vinavyosema, na kila mtaa hupelekewa dawa za maradhi yake tu. Dawa za kifua kikuu zilipofika mtaani kwa Mwanahawa, majirani walianza kutazamana kwa jicho la pembeni. Mumewe, Shomari, naye akaanza kwenda haja msikitini, mtaa wa pili.

"Choo chetu kina nini?"

"Kimeziba, mke wangu."

Mwanahawa alimwaga ndoo nzima, maji yakateremka vizuri.

Wiki iliyofuata gari la zahanati lilizihamishia dawa zote mtaa wa pili. Shomari alilitazama likiondoka, akashusha pumzi, kisha akakohoa mpaka akashika ukuta.

Mwanahawa akanyanyuka taratibu, akakitenga kikombe cha mtoto wao mbali na cha baba yake.