Fundi wa Mlango wa Nyuma

Nyumba ya kwenda ilipotajwa, spana ilimponyoka Ofisa ikamwangukia mguuni, na hata hakusikia maumivu.

"Ile yenye geti la kijani, nyuma ya zahanati," mwenye karakana alirudia. "Sinki la jikoni limeziba. Aliyepiga simu ni mwanamke. Anasema hakutakuwa na mtu, mlango wa nyuma utakuwa wazi. Na amemtaka yule fundi mrefu wa miwani. Umeanza kupata jina, Ofisa."

Jina hilo la Ofisa walimpachika siku ya kwanza, alipoingia karakana amevaa shati jeupe na tai, akaenda kubadilisha nguo stoo. Hadi leo huja vilevile. Wenzake hudhani ni maringo. Hakuna anayejua kwamba nyumbani mkewe bado anaamini kampuni haijafungwa, na kwamba meza ya uhasibu ya mumewe iko palepale dirishani. Kila asubuhi mke humfunga tai, maana yeye hajawahi kujua kuifunga, humpigapiga kifuani na kumwambia, "Haya, nenda wakakuone." Naye hutoka uso ukimwaka kwa aibu.

Leo tu ndipo tai ilipokosekana. Walipekua kabati zima. "Nenda hivyo hivyo," mkewe alisema mwishowe. "Shingo nayo ipumzike siku moja."

Na nyumba yenye geti la kijani ilikuwa yake.

"Mpeleke mwingine," Ofisa alisema.

"Mwingine yupi? Wote wako kule kwenye ghorofa linalojengwa. Au kazi imekushinda?"

Haikumshinda. Ajabu ni kwamba aliipenda, akaipenda kuliko hesabu za watu. Lakini angeanzia wapi kumkalisha chini mke anayewasimulia majirani habari za mume wa ofisini, amwambie kwamba siku hizi anazibua masinki? Angemdharau. Hata kama asingesema neno, dharau ingeonekana kwenye macho, na hayo macho ndiyo asiyoyaweza.

Alijipa moyo. Saa hizi mkewe huwa dukani kwake, akiuza vitambaa. Bila shaka alipiga simu akiwa huko. Angeingia, azibue, atoke.

Alishusha kofia usoni, akapita uchochoroni, akaingia kwake kwa mlango wa nyuma kama mwizi. Kikombe alichonywea chai asubuhi kilikuwa bado mezani. Sinki lilikuwa limejaa maji ya kijivu. Aliyachota kwa kopo, akatega ndoo chini, kisha akalala chali na kuingiza kichwa kabatini. Nati ya bomba lililopinda ilikuwa imekazwa upande, haikushika mistari yake. Mtu asiye fundi alikuwa ameigusa. Hakutaka kulifikiria sana jambo hilo. Alikuwa na haraka.

Alikuwa anaifungua aliposikia ndala.

Miguu yake ilikuwa nje hadi magotini, ndani ya suruali ya karakana na viatu vya karakana. Alishukuru kwa hilo tu.

"Usihangaike kutoka, fundi," alisema mkewe. "Endelea."

"Mm," alijibu, kwa sauti nzito ambayo hakujua anayo.

Alimsikia akivuta kigoda na kukaa. "Samahani kwa uchafu. Mume wangu angelitazama, lakini yeye na spana wapi na wapi. Mtu wa ofisini."

"Mm."

"Siku hizi wanamfanyisha kazi mpaka nasikia uchungu. Anasinzia na tonge mkononi. Vidole vimechubuka vyote. Nikimuuliza, ananiambia ni makaratasi."

Ofisa alivitazama vidole vyake vilivyoshika bomba. Alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na mkoba wake wa vifaa. Maji machafu yalimdondokea kwenye miwani, akayaacha. Yalimpa sababu ya kufumba macho.

"Una mke, fundi?"

"Mm."

"Ana bahati. Kuwa na mtu anayejua kutengeneza kitu."

Maneno hayo alipewa fundi, na fundi huyo hakuwa na ujasiri wa kutoa uso kabatini ayapokee. Angemaliza kazi hii, akajificha tena kwenye shati jeupe, na jioni angeketi mbele ya mwanamke huyuhuyu kumsimulia habari za ofisi isiyokuwepo. Aliona aibu kuliko siku kampuni ilipofungwa. Aliapa moyoni kwamba jioni hiyo angesema. Kisha akajijua kwamba hatasema.

Alilegeza nati ya mwisho, bomba likamjia mkononi. Aliingiza waya wenye ndoano. Ulinasa. Haukunasa mafuta yaliyoganda wala mabaki ya chakula. Kilikuwa kitu laini, kirefu, kilichokuja taratibu alipokivuta, kikamlalia kifuani kikichuruzika maji.

Kilikuwa cha buluu, chenye mistari myeupe, na fundo lake lilikuwa limefungwa vizuri, kama linavyofungwa kila asubuhi.

Mezani sahani ziliwekwa, moja, kisha ya pili.

"Hiyo itupe, baba watoto," mkewe alisema. "Kisha toka huko unawe tule, chakula kinapoa."