Kiti cha Mbele

"Nyuma mnaweka mbuzi na mahindi," Imalingat alisema, akiwa ameng'ang'ania mlango wa Noah kwa mikono yote miwili. "Mimi ni dereva. Nakaa mbele."

Mkewe, Ariokot, alikuwa ameshatandika blanketi kiti cha nyuma. Nesi aliyewasindikiza hadi geti la hospitali alitikisa kichwa. Lakini nani wa kubishana na mtu aliyevuta trela kutoka Mombasa hadi Kampala miaka ishirini? Wandera, mwenye gari, aliupiga mlango ngumi mbili, maana bila hivyo haufunguki, wakampandisha. Wakamfunga mkanda, wakamvika kofia yake, wakamfunika blanketi miguuni.

Daktari alishamwambia Ariokot pembeni: dawa zimefika mwisho, mpeleke nyumbani. Na Imalingat alikuwa na ombi moja tu, afike kwake Kwapa akiwa hai, amwone mama yake. Ariokot akapiga simu uji uwekwe motoni. "Nakuja naye," alimwambia mama mkwe. "Yeye naongea kama redio!"

Kweli aliongea. Mpakani Busia malori yalikuwa yamepangana hadi macho yanachoka, na yeye alikuwa na neno kwa kila moja.

"Fuso ni kama mke," alisema. "Unailalamikia kila siku, na yenyewe ndiyo nakujengea nyumba."

"Nimesikia," Ariokot akadakia kutoka nyuma. "Kwa hiyo mimi ni Fuso?"

"Wewe ni trela, Mama Akol."

"Trela! Unasema tumbo langu?"

Wandera alicheka hadi akakosa gia. "Na Prado, mzee?" akachokoza.

"Prado? Hiyo ni gari ya mtu mwenye haraka ya kwenda kukaa. Tangu nazaliwa sijaona Prado nampisha mtu."

Wakavuka, wakaishika barabara ya vumbi inayopitia Sikuda. Noah ile ilikuwa na tabia zake. Joto lilitoka miguuni na halikuzimika, kiangazi wala masika, na kila mlima iliupanda kwa kukwaruza koo.

"Gari yako nakohoa kuliko mimi," Imalingat alisema, "na mgonjwa ni mimi." Akacheka kidogo, akaivuta kofia mpaka machoni.

Wandera akaanza kisa cha shemeji yake aliyenunua gari lisilo na rivasi, akawa anazunguka vijiji viwili kutafuta mahali pa kuliegesha lisije likahitaji kurudi nyuma. Alipofika penye utamu, akamgeukia Imalingat ili wacheke pamoja. Akatazama barabara. Akamgeukia tena. Kisa kikaishia hapo.

Kabla ya Buteba alisimama kando.

"Nasikia kitu kwenye injini. Usiteremke, Mama Akol, vumbi litakumaliza."

Akafungua boneti, ikaziba kioo chote. Ariokot akamsikia akivunja matawi kichakani, roho yake ikatulia. Huyu amefunzwa, aliwaza. Hata kwa kuharibikiwa kidogo tu anaweka matawi barabarani, malori yasimgonge.

Wandera aliporudi, alimpandishia Imalingat blanketi hadi mabegani, akazima redio iliyokuwa ikiimba chinichini.

"Imepona?" Ariokot aliuliza.

"Tutaenda polepole, mama."

Na polepole kweli. Mtu aliyekuwa akikimbia kama anafukuzwa na askari, sasa anaendesha kama amebeba mayai, taa zote zinapepesa mchana kweupe.

"Wandera, ongeza moto! Uji napoa!"

"Mzee amelala, mama. Tusimrusherushe."

Hapo akamwona wa maana. Alinyoosha mkono, akaligusa blanketi begani mwa mumewe. Lilikuwa na joto zuri. Acha apumzike, aliwaza, nguvu azitunzie mama yake.

Ajabu ni adabu iliyoingia barabarani siku hiyo. Bodaboda zilisogea ukingoni zenyewe, waendeshaji wakavua kofia. Mwanamke mmoja alitua mzigo wake wa mihogo chini, akasimama kimya hadi wakapita. Ariokot akampungia mkono. Yule hakupunga.

Kisha, kwenye kona, ikatokea Prado nyeupe, vioo vyeusi tii. Ikapunguza mwendo. Ikaingia majanini mpaka tairi mbili zikazama kwenye mtaro, ikasimama.

Ariokot alipiga makofi. "Baba Akol! Prado imetupisha! Sisi, na hii Noah yetu ya kukohoa!" Alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Wandera, ameona kweli? Ama nimwamshe?"

"Ameona, mama," Wandera alisema. Akajifuta macho kwa mkono wa shati. Ariokot akadhani ni vumbi.

Walipokata kona ya kuingia kwao Kwapa, watu walikuwa wamejaa uani, majirani, shemeji, watoto wa kila nyumba. Moyo wake ukajaa. Hivyo ndivyo Imalingat alivyopenda, nyumba ifurike.

Gari halijazimwa, yowe likapasuka. Mama mkwe akadondosha kikombe cha uji, akakaa chini mavumbini, mikono kichwani. Wanawake wakaanza kukimbia wakilia.

Ariokot aliteremka amewaka. "Mnamlilia nani? Nyamazeni! Mnaitia kifo nyumba ya mtu mzima? Nimemleta akiongea!"

Akazunguka mbele ya gari aende kumfungulia, waone wenyewe.

Mlangoni hakufika. Pande zote mbili za bampa palikuwa pamefungwa matawi mabichi, kama yanavyofungwa kwenye gari linalorudisha maiti kwao, na kamba zilizoyafunga zilikuwa za viatu vya Wandera.