Pini Mdomoni

"Baba, damu yako ni grupu gani? Mimi wamenipima, ni O."

Fundi cherehani alikuwa amepiga magoti, pini mdomoni, akishikiza upindo wa sketi aliyovaa binti yake. Mama akaacha kukunja nguo, roho juu. Mumewe ni AB, na nesi alishamnong'oneza zamani kwamba mwenye AB hazai mtoto wa O. Siri hiyo alidhani anayo peke yake.

Fundi akazitoa pini mdomoni moja moja, bila haraka.

"O," akasema. "Kama wewe."

"Ndiyo maana tunafanana," binti akacheka.

Kumbe siku zote fundi alijua. Mama akamtazama, fundi hakuinua macho.

"Simama wima, mwanangu," akasema, "nisije nikakuchoma."